Jiwe Ndani ya Sufuria

Taulo lilikuwa limelala jikoni, limesukumwa pembeni na mlango uliovunjwa. Lilikuwa bado na unyevu. Sajini Mutanu alichuchumaa akalitazama bila kuligusa. Katikati yake palikuwa na mstari mweusi wa vumbi, pale lilipobanwa chini ya mlango.

"Hili lilikuwa hapa ulipovunja mlango?" aliuliza.

"Ilikuwa hapo chini," Khalid alijibu. "Hata ilinizuia. Mlango ilikataa kufunguka vizuri."

"Upande huu wa ndani?"

"Ndani, ndiyo. Afande, mimi sijui maneno ya taulo. Mimi nimetoka kazi jana jioni, nimepata huyo mama mpangaji amesimama hapo nje anapiga mlango akilia. Nikavunja, nikaona babangu amelala chini ya dirisha, anahema kama samaki. Sasa mzee wa hali hiyo ningemuuliza nini?"

Mutanu aliinuka akaangalia komeo. Lilikuwa limeng'oka pamoja na misumari yake, na lilikuwa la upande wa ndani.

"Aliyefunga huu mlango alikuwa humu jikoni," alisema. "Na aliyetia taulo chini yake pia. Mtu wa nje hafikii hapa."

Khalid alitazama komeo, kisha akatazama pembeni. "Pengine alikuwa ameshalishwa hiyo sumu, akili ikaruka, akajifungia."

Haikuwa hoja ya kipuuzi, na Mutanu aliiweka akilini. Mzee Abdelkarim alikuwa Mnubi wa Makina, mwenye ploti aliyoachiwa na babake. Sasa alikuwa hospitalini kwa mashine ya oksijeni, kifua kimebana, misuli inamuuma na moyo unaruka mapigo. Madaktari walikuwa hawajajua alichokula. Khalid aliwapa polisi jina moja tu: Magdaline, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Brandon, mjane wa kutoka Homa Bay aliyepanga chumba cha nyuma. Tangu mke wa mzee, Mabrouka, afariki, Magdaline ndiye aliyekuwa akimpikia mzee chai ya alasiri. Polisi walipopekua chumba chake walipata pakiti ya sumu ya panya chini ya kitanda. Inspekta Wainaina aliona hiyo inatosha. Kesho asubuhi mama angepelekwa kortini.

Mutanu alikuwa ameiona ile pakiti. Ilikuwa haijafunguliwa. Na nani hapa Kibera hana sumu ya panya?

"Msichana wako alikuwa wapi?" aliuliza.

"Rania? Ndiyo hiyo nakwambia. Rania huwa analala hapo chumba ya kando akitoka shule, yuko na pumu. Jana huyo mama alimtoa usingizini akampeleka kwa jirani. Kabla mzee aanguke. Umeona? Alimtoa mtoto kwanza. Alipanga."

"Au aliogopa kitu kimfikie mtoto."

"Kitu gani?"

Mutanu alitoka jikoni akaingia sebuleni. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa tangi la kioo lenye taa ya buluu juu yake. Maji yalikuwa yakizunguka taratibu. Ndani kulikuwa na mawe, na juu ya mawe mimea ambayo haikuwa mimea.

"Ni matumbawe," Khalid alisema, na sauti yake ikalainika. "Ya baharini. Laini, si ile ngumu ya mawe. Ilikuwa ya mamangu. Alikuwa anakaa hapa akiwaongelesha kama kuku. Akifariki, mzee akasema haitakufa mkononi mwake."

Kwenye kona moja kulikuwa na shada la vikono vyeupe, kila kimoja kikifumba na kufumbua vidole vyake. Mahali pengine pote, kuanzia mchangani hadi karibu na vikono vile, palikuwa pamefunikwa na vitu vya mviringo vya kijani vyenye mdomo wa rangi ya chungwa, vimebanana kama vifungo vya shati vilivyoshonwa bila nafasi.

"Hizi za kijani pia ni za mamako?"

"Hizo zililetwa baadaye. Kipande kidogo tu, na sasa zimekula kila jiwe. Mzee alikuwa anasema zitafika kwa zile nyeupe za mama zizifunike. Alikuwa halali vizuri juu ya hiyo maneno."

Mutanu alisogeza uso karibu na kioo. Katikati ya mchanga palikuwa na shimo safi, la umbo la jiwe. Jiwe lenyewe halikuwepo.

Alirudi jikoni. Dirisha lilikuwa wazi, fremu yake imetoka nusu kwa kusukumwa kwa nguvu. Alipanda kiti akachungulia nje. Kati ya nyumba hii na ukuta wa jirani kulikuwa na mwanya mwembamba ambao mtu mzima hawezi kupita. Humo chini sufuria ilikuwa imelala ubavu, na kando yake jiwe lenye vifungo vya kijani vilivyonyauka. Chumvi ilikuwa imekauka nyeupe ukingoni mwa sufuria.

Alivaa glavu, akazunguka nje hadi mwisho wa mwanya, akavuta vyote viwili kwa ufagio, akavifunga ndani ya mifuko miwili ya ushahidi. Kisha akampigia simu Daktari Whitney, aliyekuwa zamu wodini.

"Daktari, nataka kujua kitu kimoja. Mikono ya Mzee Abdelkarim ikoje?"

"Imeungua," daktari alisema. "Viganja vyote viwili, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Tulidhani alianguka juu ya jiko. Kwa nini?"

"Nitakupigia tena."

*

Kwenye kituo, Magdaline alikuwa ameketi kwenye benchi la seli akiwa amejifunika leso hadi mabegani. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, na macho yake yalikuwa mekundu kabisa. Koplo wa zamu alisema amelia usiku kucha. Mutanu aliketi kando yake akamtazama vizuri. Macho yalikuwa yamevimba, na kila mara alikohoa kikohozi kikavu kilichotoka chini sana.

"Mama Brandon, mimi ni Mutanu. Nimetoka kwa nyumba ya mzee."

"Ako aje?"

"Bado anapumua na mashine. Ulimpikia nini jana?"

"Sikupika."

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Sufuria ilikuwa ya nini basi?"

Magdaline alitazama mikono yake. Mutanu aliuliza tena kwa njia nyingine, na ya tatu, na mwanamke yule hakufungua kinywa. Hakikuwa kimya cha mtu anayetunga uongo. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa na anangoja tu apelekwe.

"Hicho kikohozi kilianza lini?"

"Jana."

"Na mdomo wako? Ukimeza mate unasikia ladha gani?"

Magdaline aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kama chuma. Kama nimelamba msumari. Umejuaje?"

"Sijajua. Nakisia tu kwamba kilichompata mzee kimekugusa na wewe. Na mtu hajipi sumu anayompa mwenzake."

Alitoka akaagiza apewe maji ya kunywa na ahamishwe pahali penye dirisha. Halafu akapeleleza ni nani Nairobi yote anauza vitu vinavyofumba na kufumbua ndani ya kioo. Jibu lilikuwa Kawangware.

*

Duka lilikuwa karibu na steji ya matatu ya 56, limebanwa kati ya hadiwea na saluni. Mbele palikuwa na samaki wa kawaida wa rangi rangi. Nyuma, pazia la plastiki, na nyuma ya pazia matangi madogo ya maji ya chumvi yenye taa ya buluu. Mwenyewe alikuwa kijana mrefu wa jina la Billy, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Niaje, madam. Unatafuta samaki ama ni ile mambo ingine?"

Mutanu alimwonyesha kitambulisho cha kazi. Billy akanyooka.

"Zangu zote zimekuzwa hapa," alisema haraka. "Sitoi kitu baharini. Ni vipandikizi vya vipandikizi. Nakata, napanda, nakata tena."

"Sijaja kwa hayo. Nataka unitambulishe hii."

Aliweka mfuko wa ushahidi wenye lile jiwe juu ya meza. Billy aliinama, akaangalia, kisha akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa tangi.

"Hiyo imechemshwa," alisema. "Madam, usifungue. Tafadhali. Ulishika na mkono?"

"Na glavu. Ni nini?"

"Tunaita zoa. Ni tumbawe laini, poa sana kwa macho, na inakua kama nyasi wakati wa mvua. Lakini iko na sumu ndani ya nyama yake. Ikiwa kwa maji, imetulia, haina noma. Ukiikwaruza ikiwa kavu, ikurukie kwa jicho ama kwa kidonda, umeumia. Na ukiichemsha..." Aliutazama mfuko tena. "Mvuke ndio mbaya. Unaingia kifuani. Ni nani amechemsha?"

"Mzee Abdelkarim wa Makina yuko hospitali."

Billy aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ile ya kijani ni mimi nilimuuzia," alisema.

"Ulimwambia ina sumu?"

"Kila kitu. Nikamfundisha mwenyewe, hapa hapa."

"Nifundishe na mimi. Vile ulivyomfundisha."

Alifanya hivyo polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba hakuacha neno. Alivaa glavu ndefu na miwani mipana ya kufunika macho. Alijaza beseni maji ya tangi lenyewe, akazamisha ndani jiwe lenye zoa. Kazi yote aliifanya chini ya maji, uso ameuweka mbali, kisu kikipita katikati ya kifungo na kifungo bila kukisaga chochote. Kipande kilichokatika alikibandika kwa gundi kwenye kijiwe kidogo. Kijiwe hicho alikiweka katikati ya mchanga mtupu, mbali na mawe mengine.

"Hapa siri ni mchanga," alisema. "Hii kitu inatambaa kwa jiwe. Ikifika mchanga inakwama. So unaipatia kisiwa yake. Ikijaza kisiwa, unakata ukingo unampea mwenzako. Usiiweke kwa jiwe kubwa na zingine, itazifunika zote. Mzee aliiweka kwa jiwe kubwa kabla aniulize. Hapo ndio shida ilianza."

"Halafu?"

"Halafu kisu, beseni, glavu, zote zinalowa kwa maji ya Jik, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Haufanyii jikoni. Haufanyi mtoto akiwa karibu. Madirisha wazi."

"Na mtu akitaka kuiua kabisa?"

"Unatoa jiwe lote likiwa limelowa, unaliweka kwa ndoo ya Jik nje, unafunika, unaliacha. Moto hapana. Kusugua na brashi hapana."

"Mzee alilijua hilo la moto?"

"Alilijua kabisa. Nilimwambia nikamrudishia, na yeye akanirudishia, neno kwa neno kama mtoto wa madrasa. Yule mzee hawezi kuchemsha hii jiwe, madam. Nakuapia."

Mutanu alisimama pale akisikiliza pampu zikinguruma. Mzee hakuchemsha. Lakini jiwe lilichemshwa, jikoni kwake, na yeye mwenyewe akajifungia nalo.

"Kuna kitu kingine," Billy alisema. Alimwonyesha chombo kidogo kilichofunikwa kwa wavu. Ndani yake, juu ya vipande vya kombe, kulikuwa na kikono kimoja cheupe kikifumba na kufumbua. "Hii alileta yeye. Ilikatwa kwa ile ya mkewe. Hii haishiki gundi, iko na utelezi. Unaiacha kwa vipande vya kombe na maji ya kutulia, inajishika yenyewe. Alitaka nimkuzie kwa tangi ndogo. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema kuna mama anakuja kukaa naye jioni wanaangalia maji pamoja, na hataki aje kwake kila siku ndio aone. Anataka awe na yake."

"Alitaja jina?"

"Hapana. Lakini alikuwa anacheka akisema. Sijawahi ona yule mzee akicheka hivyo."

Mutanu alitoka nje, akasimama kwenye kelele za steji, akampigia Daktari Whitney. Alimweleza jiwe, mvuke, sumu. Daktari alimfanya arudie jina mara mbili.

"Haina dawa yake maalum," alisema mwishowe. "Lakini sasa najua cha kuangalia. Moyo, misuli, figo. Na kuna mwingine aliyevuta huo mvuke?"

"Yupo. Nitakuletea."

*

Magdaline alikuwa sasa karibu na dirisha, jua la alasiri likimpiga begani. Mutanu alivuta kiti.

"Nitakwambia nilivyoona, nawe utanirekebisha. Mzee hakuweka lile jiwe kwa jiko. Mzee alijua lingemuua mtu. Aliyeliweka hakujua. Alidhani anasafisha."

Magdaline alifunika mdomo kwa leso.

"Mzee akaja akakuta linachemka. Akakutoa wewe. Akafunga mlango, akatia taulo lililolowa chini ili mvuke usitoke kwenda kwa mtoto mwenye pumu. Akashika sufuria kwa mikono mitupu, akasukuma dirisha hadi likafunguka, akaitupa nje. Hapo ndipo nguvu zikamwishia. Nimekosea wapi?"

Magdaline alishusha leso.

"Alikuwa ameenda msikitini," alisema. "Kila jioni alikuwa anakaa mbele ya hiyo kioo ananiambia, 'Mama Brandon, zinakufa. Hizi za Mabrouka zinakufa na mimi naangalia.' Inaniuma. Nikasema leo akitoka kuswali apate kazi imeisha. Sisi kitu ikishika uchafu tunachemsha. Nikatoa jiwe moja, nikaweka kwa sufuria, nikawasha gesi."

"Akarudi."

"Alisikia harufu akiwa mlangoni. Hakunigombeza. Alinishika hapa," akagusa mabega yake, "akanisukuma nje, akasema, 'Toa Rania kwa nyumba, mbio.' Nikamtoa. Nikirudi amefunga. Napiga mlango, namwita, yeye ananijibu ndani huku anakohoa, 'Kaa mbali, mama. Kaa mbali na mlango.' Halafu akanyamaza."

"Kwa nini hukusema haya jana?"

"Ningesema nini? Sikujua ni nini imemwangusha. Nilijua tu ni mimi niliwasha hiyo jiko. Nikaona wanifunge tu."

Mutanu alienda kwa Inspekta Wainaina akaweka mezani picha za taulo, komeo, dirisha na sufuria, kisha akasimulia. Wainaina alisoma, akasoma tena, akauliza kuhusu sumu ya panya, akaambiwa pakiti haijafunguliwa. Akakuna kidevu.

"Hakuna mtu wa kushtaki hapa," alisema.

"Hakuna, bwana."

"Basi mpeleke hospitali kabla hicho kikohozi hakijanikosesha usingizi."

*

Khalid alikuwa kwenye ukumbi wa wodi, ameegemea ukuta. Alipomwona Magdaline akitokea nyuma ya Mutanu alinyooka mara moja, na Mutanu akamshika mkono, akampeleka pembeni, akamwambia yote. Hakuharakisha. Alipofika kwenye taulo, Khalid aliinamisha kichwa. Alipofika kwa Rania, alifunika uso kwa viganja.

"Nilisema alimtoa kwa sababu alipanga," alisema.

"Ulisema."

"Na ni babangu alimtuma."

"Ni babako. Na Mama Brandon akatii, akakimbia na mtoto."

Daktari Whitney alimpima Magdaline pale pale kwenye kiti, macho, kifua na moyo, akasema atamlaza usiku mmoja kumchunguza, wodi ya chini. Ila angeweza kumwona mzee kwanza.

Abdelkarim alikuwa amefungua macho. Uso wake ulikuwa umenyong'onyea chini ya barakoa ya oksijeni, na mikono ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe. Magdaline alisimama mguuni mwa kitanda, hakuthubutu kusogea.

"Ni mimi niliwasha jiko," alisema.

Mzee alisogeza barakoa kwa upande wa mkono. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Najua. Nilikuona umeshika mwiko." Akavuta pumzi. "Rania?"

"Ako sawa. Amekula kwa jirani."

"Na wewe?"

Magdaline alijaribu kusema. Alikohoa, akatikisa kichwa, akakohoa tena. Mzee alimtazama kwa wasiwasi hadi kikohozi kikapita.

"Umevuta," alisema. "Nilichelewa kukutoa. Samahani, mama."

Hapo ndipo Magdaline alipolia. Alisogea, akaketi ukingoni mwa kitanda, na kwa kuwa hakukuwa na mkono wa kushika uliokuwa mzima, aliweka kiganja chake juu ya shuka, kifuani, pale alipoweza kuusikia moyo. Mzee alifumba macho. Khalid alisimama mlangoni akiwatazama na hakuingia.

Nesi alikuja na ubao wake mkononi. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa imekwisha na alikuwa akiwatoa watu, kitanda kwa kitanda.

"Jamaa wa karibu pekee ndio wanabaki," alisema. "Wewe kijana ni nani wake?"

"Mwanawe."

"Na huyu mama?"

Magdaline alianza kuinuka, akikusanya leso yake. Abdelkarim alikuwa bado amefumba macho, na kichwa kilikuwa kimegeukia upande wa Magdaline.

Khalid aliingia wodini. Alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akakileta hadi kando ya kitanda, akamshika Magdaline kiwiko akamketisha.

"Huyu ni wa kwetu," alimwambia nesi.